Saa 15 Angani: Hesabu ya Safari Inayoweza Kuokoa Pesa Zako

Simu iliingia saa mbili na robo asubuhi. Mama mmoja wa Kakamega, mteja wetu, alikuwa ametoka kukama ng'ombe. Usiku uliotangulia, binti yake alikuwa amepanda ndege JKIA kwenda New York kuanza masomo ya muhula wa Januari. Familia ilikuwa imemsindikiza hadi Nairobi, wakalia, wakapiga picha, wakarudi nyumbani na basi la usiku.

"Mzazi, hujambo? Naongea kutoka uwanja wa ndege wa New York. Binti yako tumemzuia hapa."

Aliyepiga alijua jina la binti. Alijua chuo anachokwenda. Alijua hata kwamba kulikuwa na mchango wa nauli. Akasema karatasi moja ya bima ilikosekana, na kwamba asipolipa ndani ya dakika 30 atarudishwa na ndege inayofuata. Kiasi kilichotakiwa ni shilingi 48,500, zitumwe kwa "wakili" mmoja aliye Nairobi.

Mama anakiri kwamba mikono ilianza kutetemeka. Pesa alikuwa nazo kwenye simu: ni za karo ya ndugu wa huyo binti, shule zilikuwa zinafunguliwa wiki hiyo. Akafungua menyu, akaweka namba ya "wakili", akaweka kiasi. Ilibaki namba ya siri tu.

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia karatasi iliyobandikwa ukutani, kando ya kalenda. Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: NDEGE INATUA SAA TISA KASORO DAKIKA TANO ALASIRI, SAA ZETU.

Akauliza, "Hiyo ndege imetua saa ngapi?"

"Imetua saa hii hii, mama. Usipoteze wakati."

"Nikamwambia, kijana, hiyo ndege yenu imempita mwanangu angani. Wangu bado ana masaa sita ya kukaa huko juu." Simu ikakatwa.

Tumeomba ruhusa ya kusimulia kisa hiki kwa sababu mama huyu hakuokolewa na teknolojia ngumu. Aliokolewa na hesabu ambayo familia yoyote inaweza kuifanya mezani: safari ni ndefu kiasi gani, inachukua muda gani, na itaisha saa ngapi kwa saa za nyumbani. Hebu tuifanye pamoja.

Kutoka Nairobi hadi New York ni mbali kiasi gani?

Ukipima mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (ambao kwenye tiketi huandikwa NBO) hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK), unapata karibu kilomita 11,840. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 480. Kwa hiyo ni kama kwenda Mombasa mara 25 hivi bila kusimama Mtito Andei.

Wengi wakitazama ramani ya ukutani hudhani ndege inakwenda moja kwa moja upande wa magharibi, ikipita Congo na kukata bahari. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi inapinda. Ndege ikitoka Nairobi huelekea kaskazini magharibi. Mstari huo unapita juu ya Sudan Kusini, Chad, Sahara, Algeria na Morocco, kisha ndipo Bahari ya Atlantiki inapoanza. Ukitaka kuuona, chukua uzi na tufe la dunia la shuleni. Bana ncha moja Nairobi na nyingine New York, uvute. Marubani hawafuati mstari huo kwa usahihi wa rula, kwa sababu ya hali ya hewa na ruhusa za anga za nchi mbalimbali, lakini hiyo ndiyo picha.

Sasa muda. Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu kabisa huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900, unapata saa 13 na kidogo. Mbona basi safari ya kwenda huchukua karibu saa 15?

Kwanza, ndege haipai kwa kasi hiyo. Kuna kutembea uwanjani kabla ya kuruka, kuna kupanda, na mwishoni kuna kushuka na kungoja zamu ya kutua. Pili, njia halisi huwa ndefu kuliko ule uzi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna upepo. Huko juu, hasa katika Atlantiki ya Kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anaupokea usoni, na anayerudi unamsukuma mgongoni. Ndiyo maana kurudi Nairobi huchukua karibu saa 14 tu. Umbali ni uleule, ila saa moja hivi imeliwa na upepo.

Safari hii ya moja kwa moja si ya zamani. Kenya ilipata kibali cha juu cha usalama wa anga kutoka kwa mamlaka ya Marekani Februari 2017, na ndege ya kwanza ya Kenya Airways iliyokwenda New York bila kutua njiani iliondoka tarehe 28 Oktoba 2018. Hutumia Boeing 787 Dreamliner, ndege inayoweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000 bila kuongeza mafuta. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ushuke mahali: London, Amsterdam, Dubai, Doha au Addis Ababa. Wengi bado hupita huko kwa sababu ya bei, na safari yao hupita saa 20 kwa urahisi.

Tiketi inaonyesha saa 7, safari ni saa 15

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Tuseme tiketi inasema hivi:

Kuondoka NBO: 23:55
Kufika JFK: 06:55

Ukihesabu harakaharaka utasema ni saa 7. Sivyo. Tiketi za ndege huandika saa za pale ndege ilipo. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, na saa ya kufika ni ya New York. Ili upate muda wa kweli, rudisha zote mbili kwenye saa za Kenya.

New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wao wa baridi, na saa 7 wakati wao wa joto. Sisi huku hatubadilishi saa mwaka mzima. Wao hubadilisha mara mbili: Jumapili ya pili ya Machi, na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo:

1. Safari ni ya Januari, ongeza saa 8.
2. Saa 06:55 ya New York, ukiongeza 8, ni 14:55 ya Kenya.
3. Kutoka 23:55 hadi 14:55 ya siku inayofuata ni saa 15.

Kisha igeuze iwe saa tunazozungumza nyumbani: 23:55 ni saa sita kasoro dakika tano usiku, na 14:55 ni saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Hiyo ya mwisho ndiyo kijana wa kidato cha tatu aliyoandika ukutani.

Jihadhari pia na tarehe. Ndege ikiandikwa Alhamisi saa 00:30, huo ni usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Abiria anatakiwa awe uwanjani Jumatano jioni. Kuna watu wamefika JKIA Alhamisi usiku na masanduku yao, wakaambiwa ndege iliondoka jana. Kununua tiketi nyingine usiku huo ni gharama ambayo hakuna chama hupanga.

Kwa wanaokwenda kwingine, hizi hapa hesabu za karibu kutoka Nairobi:

- Dubai: karibu kilomita 3,550, kama saa 5 angani. Wao wako mbele yetu kwa saa 1.
- London: karibu kilomita 6,840, kama saa 9 angani. Wako nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 wakati wa joto.
- New York: karibu kilomita 11,840, kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Wako nyuma kwa saa 8 au 7.

Doha na Riyadh hutumia saa sawa na zetu kabisa, kwa hiyo huko saa ya tiketi ndiyo saa ya nyumbani.

Wakora wanapenda saa za ukimya

Sasa turudi kwa ile simu ya asubuhi. Walijuaje?

Hakuna uchawi. Kundi la WhatsApp la mchango lilikuwa na watu zaidi ya 200, wengine waliongezwa na marafiki wa marafiki. Humo ndani kulikuwa na jina la binti, chuo, siku ya kusafiri, na namba ya simu ya mama kama mweka hazina. Siku ya safari, jamaa mmoja akaweka picha ya pasi ya kupandia ndege Facebook, akaandika "Safari njema". Mkora hakuhitaji zaidi ya hapo.

Na alichagua wakati wake vizuri. Kuanzia abiria anapozima simu hadi anapopata mtandao upande wa pili, huwezi kumpigia ukahakikisha. Saa 15 za angani, ongeza kama saa moja kabla ya kuruka, kisha ongeza saa moja au mbili za foleni ya uhamiaji na mizigo baada ya kutua. Jumla ni karibu saa 18. Mtu akikuambia mwanao ana shida ndani ya muda huo, moyo wako ndio unaojibu, kwa sababu mwanao hawezi kujibu.

Mkora anategemea pengo jingine pia. Mwanao anahitaji saa 15 kufika New York, lakini pesa zako zinahitaji sekunde chache tu kufika kwenye laini ya mkora. Akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Ndiyo maana huwa ana haraka. "Dakika 30", "ndege inaondoka", "usikate simu". Mambo halali yanaweza kungoja upige hesabu.

Zingatia dalili hizi:

- Saa hazilingani. Mtu "ameshatua" huku hesabu yako inasema bado yuko angani. Siku hiyo, saa mbili na robo asubuhi ya Kakamega ilikuwa saa sita na robo usiku New York. Kwa makadirio, ndege ya binti ilikuwa imeiacha pwani ya Morocco na kuingia Atlantiki.
- Pesa za Marekani zinalipwa kwa laini ya Kenya. Hakuna ofisi ya serikali ya nchi nyingine inayokusanya faini kwa namba ya mtu binafsi. Idara ya forodha na mipaka ya Marekani yenyewe imekuwa ikiwaonya watu kwamba maafisa wake hawapigi simu kudai pesa.
- Huruhusiwi kuongea na mhusika. Daima kuna sababu: simu yake imechukuliwa, analia, yuko chumba kingine.
- Unaambiwa usimwambie mtu. Siri ni rafiki wa mkora.

Usifikiri hesabu ya saa inamaliza kila kitu. Mkora mjanja anaweza kupiga baada ya ndege kutua, katika yale masaa mawili ya foleni. Ndege nyingine nazo zina intaneti, kwa hiyo ujumbe kutoka angani unawezekana. Kwa sababu hiyo unahitaji pia swali la siri, ambalo tunaliweka kwenye karatasi ifuatayo.

Karatasi ya ukutani: iandike kabla ya safari

Keti na msafiri siku moja kabla, simu zikiwa kando. Chukua karatasi moja, uandike:

1. Saa ya kuruka na saa ya kutua, zote kwa saa za Kenya. Kama anashuka njiani, andika kila kituo na saa zake.
2. Saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Ongeza saa 3 baada ya kutua. Kabla ya hapo, ukimya ni wa kawaida. Kama ndege imechelewa kuondoka, sogeza saa zote mbele kwa kiasi hichohicho. Unaweza kuangalia kwenye tovuti ya shirika la ndege kwa kutumia namba ya safari.
3. Namba atakayotumia kukupigia. Kama atapiga kwa WhatsApp kupitia intaneti ya uwanjani, mkubaliane hivyo mapema.
4. Swali la siri. Kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye kundi lolote. Kwa mfano: nyanya alikuwa akimwita yule ng'ombe jina gani? Anayeshindwa kujibu hapati hata bob.
5. Mtu wa pili. Hakuna pesa ya dharura inayotumwa bila mtu mwingine mmoja wa familia kuijua. Liandike jina lake na namba yake.

Msafiri naye ana kazi yake. Asiweke picha ya tiketi au pasi ya kupandia ndege mtandaoni. Ile namba fupi ya tiketi, ikiwa pamoja na jina la ukoo, inaweza kumfungulia mtu mwingine taarifa za safari. Picha za kuagana zinaweza kungoja hadi afike. Laini yake ya Kenya asiiache kwa rafiki pamoja na namba ya siri. Kama ataitumia ng'ambo, awashe huduma hiyo kabla hajaondoka, kwa sababu jumbe za uthibitisho bado zitakuja hapo.

Karatasi hiyo haiishi kazi siku ya kufika. Mwanao akianza kutuma pesa nyumbani, atakuambia, "Nimetuma saa nne usiku." Kwako hiyo ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili alfajiri, ya siku inayofuata. Ukikuta ujumbe una tarehe tofauti na aliyotaja, usishtuke wala usimpigie saa hizo kabla hujahesabu. Na akija likizo, geuza hesabu: akiondoka New York saa sita mchana ya Jumamosi wakati wa baridi, kwetu ni saa mbili usiku. Ongeza saa 14, unampokea JKIA saa nne asubuhi ya Jumapili. Usiende uwanjani Jumamosi ukalipa maegesho bure.

Na kama umeshatuma?

Usione haya, na usingoje hadi kesho. Piga simu mara moja kwa huduma yetu kwa wateja, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Pesa zikiwa bado kwenye laini ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuzizuia. Dakika kumi zinaweza kuwa tofauti kati ya kuzipata na kuzikosa. Usifute jumbe wala rekodi za simu. Kisha ripoti kituo cha polisi upewe namba ya OB. Kumbuka pia kwamba sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza namba yako ya siri, hata ukiwa katika dharura.

Yule mama hakutuma. Aliifunga menyu, akakaa kwenye kiti cha jikoni akiitazama saa. Anasema hizo saa sita na ushee zilikuwa ndefu kuliko siku aliyomzaa. Saa tisa ikafika, ikapita. Saa kumi, kimya. Karatasi ilikuwa imesema asiwe na wasiwasi kabla ya saa kumi na mbili jioni, basi akaenda kukama tena.

Saa kumi na moja kasorobo simu ikalia, kwa WhatsApp, kama walivyokubaliana.

"Mama, nimefika. Huku kuna baridi, wacha tu."

Mama hakuanza na pole ya safari. Alimuuliza kwanza jina la ng'ombe.